Nani Alikuwa Mwenye Kitabu? Mjadala wa Mtaji na Haki katika Biashara ya Vitabu ya Uingereza, 1557–1774

Hoja iliyo mezani ni hii: katika Uingereza ya karne ya 16 hadi ya 18, kitabu kilikuwa mali ya yule aliyekubali kubeba hasara yake. Hakikuwa mali ya aliyekitunga, wala ya aliyekipiga chapa. Anayeiunga mkono anadai kwamba hakimiliki ilizaliwa ili kumkinga mwenye mtaji, na kwamba kwa wakati wake jambo hilo lilikuwa na haki ndani yake. Anayeipinga anaona huo ni unyonyaji uliovishwa joho la biashara. Si mabishano ya kale yasiyotuhusu. Sheria za hakimiliki za Kenya na Tanzania zilianzia kwenye sheria ya Uingereza iliyoletwa na ukoloni, na sheria hiyo nayo ilianzia kwenye maduka ya vitabu ya London. Tuwasikilize wazungumzaji wawili.

MTOA HOJA: Ndugu mwenyekiti, nianze na ukurasa wa jina. Vitabu vingi vya enzi hiyo vinatangaza pale chini kwamba vimepigwa chapa na fulani kwa ajili ya fulani, kisha vinataja duka vinakouzwa. Watu hao wawili hawakuwa na kazi moja. Wa kwanza ni mpiga chapa, fundi mwenye mashine, herufi za risasi na vijana wa kazi, na ujira wake aliupata kitabu kiuzike kisiuzike. Wa pili ndiye mchapishaji kwa maana tunayoijua leo. Huyu alinunua mswada, akalipia karatasi, akamlipa fundi, akatoa ada ya kuandikisha kitabu katika daftari la Chama cha Wauza Vitabu na Wapiga Chapa, kilichopewa hati ya kifalme mwaka 1557. Kisha alikaa na mzigo wake dukani, mara nyingi kando ya kanisa la Mtakatifu Paulo, akingoja wanunuzi. Wenye kulipwa walikwisha kulipwa. Aliyebaki roho juu ni yeye peke yake.

Gharama iliyouma zaidi ilikuwa karatasi, ambayo kwa sehemu kubwa ililetwa kutoka Ufaransa. Tupige hesabu kidogo. Mwanahistoria Peter Blayney anakadiria kwamba toleo la tamthilia moja lilikuwa na nakala 800 hivi, zikiuzwa rejareja peni 6 kila moja. Nakala moja ikila karatasi 10, toleo zima ni karatasi 8,000, yaani rimu 16 za karatasi 500. Huo ni mzigo ambao mfanyabiashara wa kawaida angeweza kuuhimili. Sasa tazama mkusanyiko wa tamthilia za Shakespeare uliotoka mwaka 1623, unaojulikana kama Folio ya Kwanza. Una kurasa zaidi ya 900, ambazo ni karatasi 227 hivi kwa kila nakala. Kama toleo lilikuwa na nakala 750, kama wengi wanavyokadiria, hizo ni karatasi zaidi ya 170,000, karibu rimu 340, na kazi ya kupiga chapa ilichukua karibu miaka miwili. Hapo mfuko mmoja hautoshi. Ndiyo maana ukurasa wa mwisho wa kitabu hicho unataja watu wanne waliokigharimia: William Jaggard, Edward Blount, John Smethwick na William Aspley. Shakespeare alikuwa amekufa tangu 1616, na hakuna mrithi wake anayetajwa katika orodha hiyo.

Nawaomba mwaangalie jinsi ubia huo ulivyoundwa. Smethwick alikuwa na haki ya Hamlet na ya Romeo and Juliet. Aspley alikuwa na haki ya Much Ado About Nothing. Haki hizo zilikuwa na thamani yake ndani ya ubia, sawa na fedha taslimu. Tarehe 8 Novemba 1623, kazi ikiwa ukingoni, Blount na Isaac Jaggard, mwana wa William, waliandikisha tamthilia 16 ambazo hakuna mwingine aliyekwisha kuziandikisha. Mali bila daftari hupotea bila habari, na watu hawa walilijua hilo kuliko sisi. Ushahidi mkubwa zaidi ni Troilus and Cressida. Ilianza kupigwa chapa, ikasimamishwa, Timon of Athens ikawekwa mahali pake. Mwishowe Troilus ikapenyezwa ndani wakati orodha ya yaliyomo imekwisha kuchapwa, na ndiyo sababu haimo katika orodha hiyo mpaka leo. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mwenye haki, Henry Walley, alikuwa hajaafikiana na wabia. Muuza vitabu mmoja aliweza kumfungia mlango Shakespeare ndani ya kitabu cha Shakespeare mwenyewe. Utasemaje basi kwamba kitabu kilikuwa cha mtunzi?

MPINZANI: Mwenzangu ameeleza vizuri jinsi mambo yalivyokuwa, lakini kueleza si kuhalalisha. Mimi namleta John Milton. Tarehe 27 Aprili 1667 mshairi huyo, kipofu, alitia sahihi mkataba na Samuel Simmons juu ya Paradise Lost. Alipewa pauni 5 papo hapo, na aliahidiwa pauni 5 nyingine zitakapouzwa nakala 1,300. Matoleo ya pili na ya tatu yangefuata masharti yayo hayo. Kitabu kiliuzwa shilingi 3. Nami pia nipige hesabu: nakala 1,300 kwa shilingi 3 ni pauni 195 mikononi mwa wauzaji, na katika hizo mshairi aliambulia 10. Milton alipokufa, mjane wake Elizabeth alimwachia Simmons haki zote mwaka 1680 kwa pauni 8. Jumla ya malipo ya shairi linalohesabiwa miongoni mwa makubwa kabisa ya Kiingereza ni pauni 18. Simmons akaiuza haki hiyo kwa Brabazon Aylmer kwa pauni 25. Aylmer akamuuzia Jacob Tonson nusu yake mwaka 1683, na nusu ya pili ikafuata. Mwaka 1688 Tonson alitoa toleo kubwa lenye picha, likiwa na wanunuzi zaidi ya 500 waliojiandikisha mapema, na akatajirika. Hasara iko wapi hapo? Naona mali inayopita mkono hadi mkono, na kila mkono unachukua chake isipokuwa ule ulioandika.

MTOA HOJA: Ndugu yangu ametaja pauni 195 kana kwamba zote ziliingia mfukoni mwa Simmons. Zingatia kwamba karatasi, uchapaji na punguzo la wauzaji wengine vilitoka humo humo. Zaidi ya hayo, anamhukumu Simmons kwa macho ya mtu anayejua mwisho wa hadithi. Mwaka 1667 Milton alikuwa mtetezi wa jamhuri iliyoanguka, aliyeandika kutetea kuuawa kwa Mfalme Charles wa Kwanza, naye sasa anaishi chini ya mwana wa mfalme huyo. Shairi lenyewe lilikuwa refu na halikuwa na vina. Malipo ya pili yalikuja Aprili 1669, miaka miwili baada ya mkataba. Katikati ya miaka hiyo Simmons alihangaika. Kurasa zilikuwa zile zile zilizokwisha kupigwa chapa, lakini alizibadilishia ukurasa wa jina mara kadhaa, 1667, 1668 na 1669, ili kitabu kionekane kipya machoni pa mnunuzi. Kisha akaongeza muhtasari wa kila sehemu kwa sababu wasomaji walikuwa wanapotea njiani. Mtu mwenye uhakika wa faida hafanyi hivyo. Na nakala 1,300 zilizotajwa katika mkataba hazikutoka hewani, kwa kuwa kanuni za Chama tangu 1587 ziliweka ukomo wa kawaida kati ya nakala 1,250 na 1,500 kwa kila toleo, ili wapanga herufi wasikose kazi.

Tena hasara haikuwa hadithi ya kutishia watoto. Robert Barker, mpiga chapa wa Mfalme, ndiye aliyetoa Biblia mpya ya 1611. Kwa mbali ungesema huyo amebahatika, maana ana kitabu ambacho kila kanisa lingekihitaji. Lakini gharama za kukitoa zilimzidi, akaingia katika ubia, ubia ukazaa kesi, na miaka yake ya mwisho aliimalizia gerezani kwa sababu ya madeni. Au tazama Jumuiya ya Kifalme ya wanasayansi. Mwaka 1686 ilitoa kwa fedha zake kitabu cha historia ya samaki cha Francis Willughby, kilichokamilishwa na John Ray, chenye picha nyingi za kuchongwa kwenye mabamba ya shaba. Hakikuuzika. Ulipofika wakati wa kuchapisha Principia ya Isaac Newton, hazina ilikuwa tupu, na Edmond Halley, aliyekuwa karani wa Jumuiya, ikabidi agharimie kwa fedha zake kitabu kilichobadilisha sayansi mwaka 1687. Naye mshahara wake Jumuiya iliamua kumlipa kwa nakala za kitabu cha samaki. Hapa hakuna mfanyabiashara mwenye tamaa. Wamo wasomi watupu, na bado swali ni lile lile: nani atatangulia kutoa fedha, na nani atabaki na mzigo usionunulika?

MPINZANI: Nakubali kwamba mkono mtupu haulambwi, na kwamba karatasi hailipiwi kwa sifa. Lakini mwenzangu anajenga hoja yake juu ya dhana kwamba lazima awepo tajiri mmoja, au wanne, wa kubeba mzigo. Historia yenyewe inamkanusha, maana Waingereza walipata njia nyingine: wasomaji wenyewe walitanguliza fedha kabla kitabu hakijatoka. Katika miaka ya 1650 Brian Walton alitoa Biblia ya lugha nyingi, majuzuu sita, kwa kuwaomba watu walipie mapema pauni 10 kwa seti moja. Ilikuwa kazi ambayo hakuna duka lingethubutu kuianza. Kisha akaja Alexander Pope na tafsiri yake ya Iliad, 1715 hadi 1720. Watu 575 walijiandikisha kwa seti 654, gini moja kwa kila juzuu kati ya sita. Mchapishaji Bernard Lintot alimlipa gini 200 kwa kila juzuu na juu yake akampa bure nakala za kuwagawia hao waliojiandikisha. Pope alipata karibu pauni 5,000. Ziweke kando ya pauni 18 za Milton. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kikijaa mwandishi hahitaji bwana.

MTOA HOJA: Nashukuru kwa mfano wa Pope, kwa kuwa unanisaidia mimi. Ni lini mwandishi alianza kupata sehemu kubwa? Ni pale hasara ilipotoka mabegani mwa muuza vitabu ikaenda kwa wasomaji waliolipa kabla. Haki ilifuata hasara kama nilivyosema. Lintot mwenyewe, aliyebaki na nakala za kuuza sokoni, aliumizwa na toleo la bei nafuu lililopigwa chapa Uholanzi bila ruhusa, ikamlazimu atoe toleo dogo la bei ya chini kulikabili. Pope alikuwa amekwisha kulipwa. Mkataba mmoja, watu wawili, na aliyetikiswa na soko ni mmoja.

Tena njia hiyo haikuwa wazi kwa kila mtu. John Minsheu alitoa mwaka 1617 kamusi ya lugha kumi na moja, kazi iliyomwingiza katika madeni. Wauza vitabu hawakutaka kuibeba, akaitoa kwa gharama zake na kuchapisha orodha za majina ya walioinunua ili kuwavuta wengine. Mwaka uliofuata John Taylor, mpiga makasia wa mto Thames aliyekuwa pia mshairi, alitembea kwa miguu kutoka London hadi Scotland. Kabla ya kuondoka alikusanya sahihi za watu zaidi ya 1,600 walioahidi kumlipa akirudi na kuandika kitabu cha safari yake. Akarudi, akaandika, akagawa nakala. Karibu nusu yao walikataa kulipa, naye akaishia kutunga kitabu kingine cha kuwatukana wadeni wake. Ahadi ya wengi si mtaji mpaka ifike mkononi. Pope alifanikiwa kwa sababu wanunuzi wake walikuwa mabwana na mabibi wenye vyeo, wasiopenda kuonekana hawalipi.

Na wanaolipa hawaondoki mikono mitupu. Mwaka 1697 John Dryden alitoa tafsiri ya mashairi ya Virgil kupitia Tonson. Waliotoa gini 5 walipewa heshima ya jina na nembo ya ukoo chini ya picha moja kila mtu, nao walikuwa 101 kwa sababu picha zilikuwa 101. Mabamba ya picha hizo yalikuwa ya zamani, yaliyotumika katika toleo la John Ogilby la 1654. Tonson alitamani kitabu kitabarukiwe kwa Mfalme William wa Tatu, lakini Dryden, Mkatoliki aliyepoteza cheo chake William alipotwaa kiti, alikataa. Tonson hakugombana naye. Aliagiza mabamba yachongwe upya mahali padogo tu, ili shujaa Enea apate pua iliyopinda kama ya mfalme. Mshairi alishika maneno yake, mwenye kugharimia akashika pua. Kwa hiyo usiniambie kwamba wasomaji wakilipa mapema, bwana hutoweka. Mabwana huongezeka, kila mmoja na gini zake.

MPINZANI: Sawa, nimeacha kuwatetea waliolipia mapema. Sasa namshika mwenzangu pale ambapo hoja yake ni dhaifu kuliko pote. Amesema haki ilifuata hasara. Na palipokuwa na haki bila hasara je? Mwaka 1603 Mfalme James aliwapa Wauza Vitabu haki ya pekee ya kutoa Zaburi, vitabu vya sala vya msingi, vitabu vya alfabeti na almanaka za kila mwaka. Kila mtoto aliyefundishwa kusoma alihitaji kimoja, kila kanisa lilihitaji kingine, na almanaka hunyauka kila Desemba, hivyo mteja lazima arudi. Wakaunda mfuko wa hisa wenye mtaji wa pauni 9,000: hisa 15 za pauni 200 kwa viongozi wa Chama, 30 za pauni 100 kwa wanachama wa daraja la kati, na 60 za pauni 50 kwa wa chini. Gawio lilitoka mwaka baada ya mwaka. Nani alikosa usingizi juu ya almanaka? Hata kabla ya mfuko huo, John Day alikuwa na haki ya pekee ya kitabu cha alfabeti na katekisimu, na mwaka 1582 Roger Ward alishtakiwa kwa kupiga chapa nakala 10,000 za kitabu hicho kwa siri. Naye John Wolfe aliongoza mafundi maskini kupinga haki hizo hadharani. Chama kilimnyamazishaje? Kilimpa cheo, na kufikia 1587 alikuwa mtumishi wake rasmi, akiwasaka waliofanya yale aliyokuwa akiyafanya yeye. Huo ni ulinzi wa mtaji uliohatarishwa, au ni ukuta wa waliokwisha kushiba?

MTOA HOJA: Pigo hilo limefika, wala sitalikwepa kwa kutaja kwamba sehemu ya mapato ya mfuko ilitengwa kwa ajili ya maskini wa Chama na kwamba wajane waliendelea kula hisa za waume zao. Ni kweli, lakini hayajibu swali. Jibu langu ni kuirekebisha hoja. Nilisema kitabu kilikuwa cha aliyebeba hasara, na hilo linabaki kuwa maelezo sahihi ya jinsi haki ilivyoanza. Lakini haki ikishaandikwa daftarini haina kiungo kinachoikata hasara inapokwisha. Simmons alistahili kulindwa mwaka 1667, kwa sababu bila ulinzi mwingine angeingoja Paradise Lost ikubalike, kisha aipige chapa bila kumlipa mtunzi wala kuonja wasiwasi. Tonson wa 1690, aliponunua ile nusu ya pili, alikuwa ananunua kitu kilichokwisha kuthibitishwa na soko. Haki ya pili ilikuwa na jina la ile ya kwanza lakini sababu yake ilikuwa imekufa. Almanaka ni mfano uliopindukia, kwa kuwa sababu hiyo haikuwapo tangu mwanzo.

Na Waingereza wenyewe walifika hapo, ingawa kwa kusuasua. Sheria ya leseni iliyokuwa inashikilia mfumo wa Chama ilikwisha mwaka 1695, na Bunge halikuihuisha. Wauza vitabu wakalia miaka 15 wakitaka ulinzi, wakalitanguliza jina la mwandishi kwa sababu lao halikuwa na mvuto. Sheria ya 1710 ikawapa sehemu tu ya walichokitaka: vitabu vipya miaka 14, na baada yake miaka 14 mingine kama mtunzi yu hai, vitabu vya zamani, vikiwamo vya Shakespeare na Milton, miaka 21 basi. Walijaribu kudai kwamba mtunzi ana haki ya milele ya asili, ili nao waliomnunua wawe nayo milele. Mwaka 1769 mahakama iliwakubalia. Mwaka 1774, katika kesi ya Alexander Donaldson, mchapishaji wa Scotland aliyeuza vitabu vya bei nafuu, Baraza la Mabwana liliwakatalia kabisa.

MPINZANI: Basi umekubali kwamba nilikuwa sahihi.

MTOA HOJA: Nimekubali kwamba ulikuwa sahihi juu ya mwisho, si juu ya mwanzo. Ungeanza na haki ya mtunzi peke yake mwaka 1623, hakuna ambaye angenunua zile rimu 340. Tamthilia 18 katika Folio ile hazikuwa zimewahi kupigwa chapa, Macbeth na The Tempest zikiwamo, na huenda zingepotea. Kwa hiyo naiweka hoja upya mezani: anayetanguliza mtaji apewe haki inayotosha kumvusha kwenye hasara, na haki hiyo ihesabiwe miaka tangu siku ya kwanza. Muda ukipita, kitabu kirudi kwa mtunzi na wasomaji. Asiyekubali sehemu ya kwanza atuonyeshe nani angelipia karatasi. Asiyekubali ya pili atuonyeshe hasara gani inayolindwa miaka 100 baada ya kila aliyehatarisha kitu kuwa ameshalipwa.